Mfupa Unaoota Pasipo Pake: Kutoka Mkarafuuni hadi Nyonga Isiyokunjika

Msimu wa karafuu unapoingia Pemba, mashamba ya Wawi na ya vijiji jirani vya Chake Chake huwa na watu wengi juu ya miti kuliko chini yake. Mchumaji hupanda asubuhi, akavuta tawi la mbali kwa fimbo ya kulabu, akalifunga kwa kamba ili lisimponyoke, kisha akachuma shada baada ya shada hadi kikapu kijae. Mkarafuu ni mti mrefu wenye umbo la kupendeza, lakini tawi lake lina tabia moja mbaya: hukatika ghafla, bila ya kupinda kwanza wala kulia. Aliyelikanyaga hapati nafasi ya kushika jingine.

Kuanguka huko si habari mpya kisiwani. Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ambalo ndilo mnunuzi wa zao hilo, limekuwa likitoa fidia kwa watu walioanguka mikarafuu, na kuwapo kwa fidia hiyo kunatosha kuonesha kwamba jambo lenyewe limezoeleka. Wakwezi wa minazi nao wana hesabu yao. Walio wengi huvunjika mkono au mguu, wakafungwa plasta, wakapona na msimu ujao wakarudi juu. Wachache huumia pabaya zaidi, ama uti wa mgongo, ama fupanyonga pamoja na njia ya mkojo. Baadhi ya hao wachache, majuma au miezi baada ya ajali, wakati jeraha la kwanza limeshaanza kusahauliwa, hupatwa na jambo ambalo jamaa zao hawajapata kulisikia. Mfupa mpya, mfupa wa kweli wenye uboho ndani yake, huanza kuota katikati ya nyama.

Jambo hili huwapata pia walioumizwa na gari au bodaboda, walioumia kichwa, walioungua sehemu kubwa ya mwili, na hata waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa kiungo cha nyonga. Lakini linapotokea kwa mtu ambaye kibofu chake hakifanyi kazi au mrija wake wa mkojo umechanika, huwa na historia yake ya pekee katika elimu ya tiba.

Jinsi njia ya mkojo inavyoumia

Kuna kuanguka kwa aina mbili ambako mhudumu wa afya wa kijijini hana budi kukutofautisha. Aina ya kwanza ni ya mtu anayeangukia tawi la chini au ukingo wa kitu kigumu hali miguu imetanuka. Mrija wa mkojo hubanwa baina ya kitu hicho na mfupa wa kinena, ukachubuka au ukachanika. Dalili zake ni damu kwenye tundu la mkojo, vilio la damu kwenye msamba, na kibofu kilichojaa ilhali haja ndogo haitoki. Fupanyonga linapovunjika, mrija huweza kuchanika mahali pa ndani zaidi, na kibofu chenyewe huweza kupasuka.

Hapa ndipo haraka huzaa madhara. Mtu analia kwamba amebanwa na mkojo, na mhudumu, kwa huruma, anachukua mpira wa mkojo na kuusukuma. Ukikataa kupita, anausukuma tena kwa nguvu. Mrija uliochanika nusu hugeuka kuwa uliokatika wote, na mkojo huvujia ndani ya nyama za jirani. Damu ikionekana kwenye tundu la mkojo baada ya kuanguka, mpira usisukumwe kwa kubahatisha. Mgonjwa apelekwe mahali ambapo mrija unaweza kupigwa picha kwa dawa ya kuonesha njia, au kibofu kitobolewe kwa utaratibu juu ya kinena na mkojo upitie huko hadi mrija utakapotengenezwa.

Aina ya pili ni ya mtu aliyeanguka kwa mgongo, akavunja pingili na kuumiza ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Njia yake ya mkojo haikuguswa na chochote, lakini imepoteza bwana wake. Kibofu hujaa bila ya taarifa na hakijui kujikamua. Mgonjwa wa namna hii huishi na mpira wa mkojo, na mpira unaokaa ndani siku nyingi hukaribisha vijidudu. Katika kanda ya Kilimanjaro, uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa KCMC uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza miongoni mwa sababu za kuumia ugwe wa mgongo, mbele ya ajali za barabarani. Kwa yeyote anayeyajua mashamba ya Pemba, hilo halishangazi.

Uvimbe usio usaha

Kati ya juma la tatu na mwezi wa nne hivi baada ya kuumia, paja au nyonga ya mgonjwa wa aina ya pili huweza kuvimba. Ngozi huwa ya moto na nyekundu, homa ndogo hupanda jioni. Mgonjwa mwenyewe huenda asihisi maumivu, kwa kuwa habari za miguu hazimfikii tena. Anachokiona ni kwamba mguu uliokuwa ukikunjika wakati wa kuvalishwa nguo sasa unagoma. Nyonga ndiyo inayopatwa mara nyingi kuliko viungo vingine, kisha goti, na daima huwa ni chini ya mahali palipoumia ugwe.

Mhudumu anayeuona uvimbe huo hufikiria mambo matatu, na ana haki ya kuyafikiria. La kwanza ni damu kuganda katika mshipa mkubwa wa paja, nalo ni la hatari kiasi kwamba ni lazima liondolewe shaka mapema, kwa picha ya mawimbi ya sauti inapopatikana. La pili ni jipu la ndani, hasa ikiwa mgonjwa ana vidonda vya kulalia. La tatu ni mvunjiko ambao haukuonekana siku ya kwanza. La nne, yaani mfupa kuota ndani ya nyama, husahaulika. Mgonjwa hupewa dawa za vijidudu juma baada ya juma, uvimbe usipungue, na wakati mwingine huchanjwa kutafuta usaha usiokuwapo.

Picha ya eksirei ya mapema haisaidii sana, nayo imewapotosha wengi. Katika majuma mawili hadi manne ya mwanzo haioneshi kitu, kwa sababu mfupa unaotengenezwa bado haujapata madini yake. Picha safi ya juma la tatu, basi, haimaanishi kwamba hakuna kitu. Mgonjwa apigwe nyingine baada ya majuma matatu au manne, na safari hiyo huenda wingu jepesi likaonekana kando ya nyonga, nalo kadiri miezi inavyopita hukomaa na kuwa na ganda gumu la nje kama mfupa wowote. Kipimo cha damu cha kimeng'enya cha alkalini fosfatesi huweza kupanda kabla ya picha kuonesha chochote, ingawa hupanda pia kwa mfupa uliovunjika unaounga, kwa hiyo peke yake hakihukumu.

Waliouandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu walikuwa na wagonjwa wengi mno mbele yao. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa inaelekea mwisho, daktari mwanamke Augusta Dejerine-Klumpke na mwenzake Ceillier walieleza nchini Ufaransa hali za askari waliopooza kwa risasi na vipande vya mizinga, ambao nyonga na magoti yao yalikuwa yamezungukwa na mifupa mipya.

Mbwa wa Chicago na siri ya kibofu

Mapema zaidi, watafiti wengine walikuwa wameikuta njia ya mkojo ikifanya jambo la ajabu. Mwaka 1901 Waitaliano wawili, Sacerdotti na Frattin, walifunga mishipa ya damu ya figo za sungura, na baada ya muda wakakuta mfupa umeota ndani ya figo. Mwaka 1917 daktari wa upasuaji wa Marekani, Harold Neuhof, alijaribu kuziba matundu ya kibofu cha mbwa kwa kiraka cha utando mgumu unaofunika misuli. Alitaka kujua kama kiraka kingeshika. Kilishika, lakini ndani yake kuliota mfupa.

Aliyelifuatilia jambo hilo kwa uvumilivu ni Charles Huggins wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1930 na 1931 alichapisha matokeo ya kazi ambayo aliigeuza kinyume: badala ya kupeleka utando wa msuli kwenye kibofu, alichukua ngozi laini ya ndani ya kibofu cha mbwa na kuipandikiza katika ukuta wa tumbo. Palipokuwa na nyama tupu pakaota mfupa, na ndani ya mfupa uboho. Huggins baadaye alipata umaarufu kwa kazi nyingine, ya homoni na saratani ya tezi dume, iliyompa Tuzo ya Nobeli mwaka 1966, na mbwa wake wa mwanzo wamesahaulika na wengi wasiokuwa wataalamu wa mifupa.

Maelezo ya siri yenyewe yalikuja kidogo kidogo. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alionesha kwamba kipande cha mfupa kilichoondolewa madini yake yote, kikitiwa ndani ya msuli wa mnyama, huzalisha mfupa mpya. Kumbe mfupa una ujumbe wa kikemikali, na ujumbe huo ni protini, zinazoitwa leo protini za kuumba mfupa. Seli za ngozi ya ndani ya njia ya mkojo nazo hutoa protini za jamaa hiyo. Zikikaa mahali pake, hazina madhara, kwa kuwa hazikutani na seli changa zinazoweza kuusikiliza ujumbe. Upasuaji au jeraha likizisogeza zikakutana na misuli na tando zake, seli changa huupokea ujumbe na kuutii: huwa seli za gegedu, kisha za mfupa. Ndiyo sababu katika vitabu vya upasuaji zimo habari za makovu ya juu ya kinena, yaliyoachwa na upasuaji wa kibofu, yaliyoota mfupa ndani yake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila nyonga iliyokakamaa ya mtu aliyepooza imetokana na seli za kibofu kutangatanga. Katika kuumia ugwe wa mgongo mambo ni mengi zaidi: ishara za neva zilizovurugika, uvimbe wa ndani, msuli usiotumika, na maambukizi. Lililo la faida kwa mhudumu ni kwamba maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya kulalia vimeonekana mara kwa mara vikiandamana na tatizo hili. Mpira wa mkojo unaotunzwa kwa usafi, kibofu kinachokamuliwa kwa vipindi badala ya kuachiwa mpira wa kudumu inapowezekana, na mgonjwa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, ni kazi ambazo hufanywa kwa ajili ya figo na ngozi, na huenda zikawa zinailinda nyonga vilevile.

Chokaa ya kichocho si mfupa

Kwa Pemba kuna jambo jingine linaloweza kuchanganya picha. Wawi ndiko iliko Maabara ya Afya ya Jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa juu ya minyoo na kichocho, na maabara hiyo ilishiriki katika mradi mkubwa wa kutokomeza maambukizi ya kichocho Zanzibar, ulioendeshwa kati ya mwaka 2012 na 2017 kwa kugawa prazikwanteli katika jamii na skuli, kuua konokono katika madimbwi na mito, na kufundisha watoto njia nyingine za kucheza na kuoga. Ugonjwa umepungua sana, lakini vibofu vya watu wazima vina kumbukumbu ndefu.

Mayai ya kichocho yanayofia katika ukuta wa kibofu huvikwa chokaa. Yakiwa mengi, ukuta mzima huonekana kwenye eksirei kama mstari mweupe wa duara, na waalimu wa tiba hupenda kuufananisha na kichwa cha mtoto aliye tumboni. Chokaa hiyo hudumu kwa namna isiyoaminika: mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alitangaza kuyakuta mayai yaliyogeuka chokaa ndani ya figo za maiti zilizohifadhiwa Misri tangu zama za mafirauni, zaidi ya miaka elfu tatu nyuma.

Lakini chokaa si mfupa. Chokaa ni madini yaliyotuama juu ya kitu kilichokufa. Haina seli wala uboho, na haikui kwa kupokea ujumbe. Mfupa ni kitu hai, una mishipa ya damu, hujijenga na kujibomoa. Mchumaji wa karafuu mwenye umri wa miaka 50 aliyeogelea mitoni utotoni anaweza kuwa na vyote viwili katika picha moja: duara la zamani la kichocho katikati ya fupanyonga, na wingu jipya kando ya nyonga. Anayesoma picha akiviunganisha viwili hivyo kuwa ugonjwa mmoja atamtibu mgonjwa kwa kisichokuwapo.

Kuna kosa jingine lenye gharama kubwa zaidi. Mfupa unaoota kwenye nyama, ukiwa bado mchanga, ukikatwa kipande na kutazamwa kwa hadubini unafanana sana na saratani ya mfupa, kwa kuwa seli zake zinagawanyika kwa kasi na hazijajipanga. Watu wamewahi kuambiwa wakatwe mguu kwa sababu hiyo. Anayepeleka kipande maabara sharti aandike kwenye karatasi kwamba mgonjwa aliumia, aliumia lini na wapi. Mara nyingi kilicho bora ni kusubiri picha ya pili: mfupa wa jeraha hukomaa kuanzia nje kwenda ndani, na saratani haina adabu hiyo.

Na kwa kuwa mada ni hii, wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro ya jeni moja, ambao misuli yao hugeuka mfupa kwa kila jeraha dogo. Alama yao ni vidole gumba vya miguu vilivyozaliwa vifupi na vilivyopinda. Mtoto wa namna hiyo mwenye uvimbe mgumu mgongoni asichanjwe wala asikatwe kipande, na sindano za msulini ziepukwe, kwa kuwa kila kinachomchoma huongeza mfupa.

Kukanda, kunyoosha, kukata

Nyumbani, kiungo kilichokakamaa huitwa mkandaji. Kukanda ni huduma yenye heshima katika visiwa, na mafuta ya karafuu na mikono yenye uzoefu yamewapunguzia wengi maumivu ya kweli. Kwa nyonga inayoota mfupa, lakini, nguvu ni adui. Kukunja kwa kulazimisha huchana misuli, damu huvujia ndani, na kila mchaniko ni mwaliko mpya kwa mfupa. Hii haina maana kwamba mguu uachwe kama gogo. Kuukunja taratibu kila siku, hadi pale unapokubali na si zaidi, ndiko kunakoulinda, na mkandaji anayeelezwa hivyo kwa upole huwa msaidizi mzuri wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kumkataza tu hakusaidii, maana atakuja mgonjwa akisharudi kwao.

Dawa inayojulikana zaidi ni indomethasini, ya jamii ya dawa za kutuliza uvimbe, ambayo ikianzishwa mapema hupunguza uwezekano wa mfupa kuota au kuendelea kukua. Ina bei nafuu, na hapo ndipo pana mtego. Dawa hiyo huumiza tumbo na figo, na mgonjwa anayezungumzwa hapa ni yule ambaye figo zake ziko hatarini tayari kwa ajili ya mkojo unaorudi nyuma na maambukizi yasiyokwisha. Asipewe kabla ya kupimwa figo, na asiinunue mwenyewe dukani kwa kuwa jirani alipona nayo. Mionzi hutumika pia, hasa baada ya upasuaji, lakini kwa mgonjwa wa Pemba maana yake ni safari ya Dar es Salaam.

Mfupa ukishaota, hakuna dawa ya kuuyeyusha. Unaondolewa kwa kisu. Kwa miaka mingi madaktari wamefundishwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu ili mfupa ukomae, kwa hofu kwamba ukikatwa mapema utarudi. Siku hizi wapo wanaokata mapema zaidi, hasa mfupa unapobana neva au unapomzuia mgonjwa kukaa. Upasuaji wenyewe si mdogo: damu hutoka nyingi, na mshipa mkubwa wa paja huweza kuwa umezungukwa na mfupa huo. Ni kazi ya hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na ufanywe baada ya vidonda vya kulalia kupona na mkojo kuwa safi.

Katika miezi hiyo ya kusubiri lipo jambo moja ambalo halihitaji dawa wala meli ya kwenda Unguja, nalo husahauliwa hata wodini. Nyonga inayoelekea kukakamaa itakakamaa katika mkao ule inaouzoea. Mgonjwa anayelala chali mchana kutwa miguu ikiwa imenyooka atabaki na nyonga iliyonyooka, na nyonga hiyo haikai kwenye kiti cha magurudumu. Atalala maisha yake yote akitazama paa. Anayekalishwa kila siku, nyonga ikakunjwa kwa upole kufikia pembe ya mraba, hata mfupa ukimshinda atabaki ameketi, na aliyeketi huweza kujikamua mkojo mwenyewe, kula kwenye mkeka wa wenzake kwa kusogezewa meza ndogo, na kutolewa uani wakati karafuu zinapoanikwa. Kwa hiyo mhudumu anayemtembelea aliyeanguka mkarafuuni, akiisha kutazama mpira na mkojo na ngozi ya makalio, na aulize pia: leo amekaa saa ngapi, na nyonga ilikunjika kiasi gani kulinganisha na juma lililopita. Majibu hayo yaandikwe kwenye kadi yake pamoja na tarehe.